Ng'ombe wa Kwanza Kwenye Fomu

Fomu ikagoma tena. Maandishi mekundu yakatokea chini ya kisanduku kitupu, na mzee Bujiku, asiyejua kusoma, akainamisha kichwa kama vile yamemtaja jina.

“Inasema jina la mwenye ng'ombe halijajazwa, babu,” Goodness alisema. “Sharti hilo nimeliweka mwenyewe. Pasipo jina, haitumi.”

“Basi litoe.”

Goodness akacheka. Fomu hiyo alikuwa ameiandika kwa HTML, lugha ya kurasa za mtandaoni, mstari kwa mstari, wiki nzima hapo stesheneri kwake Ngulyati, ili wafugaji waliopotelewa waandikishe ng'ombe wao kwa simu. Leo alitaka mtu wa kuijaribia. Bujiku, ambaye wiki hiyo alishafika mlangoni mara mbili akageuka, akaingia.

Mengine yote aliyataja bila kusita. Jike. Mwekundu, baka jeupe ubavuni. Sikio la kushoto limekatwa ncha.

“Alipotea lini?”

“Mwaka wa Elinino.”

“Yesu wangu! Babu, huyo si mifupa tu sasa?”

“Yeye alikufa. Uzao wake upo. Nataka aandikwe kabla sijafukiwa.”

Flora, mwalimu aliyekuwa akisubiri kopi zake, akaangua kicheko. “Mzee Bujiku! Na zizi lako lote lile, bado unamlilia mmoja?”

Masikio yalimwaka moto Bujiku. Akaivua kofia, akaikunja mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Laiti ardhi ingepasuka hapo hapo, angeshukuru.

Goodness akamwonea huruma. Akadhani ni kule kutojua kusoma kunakomsumbua mbele ya mwalimu, akasogeza kiti karibu na kushusha sauti.

“Si aibu, babu. Wewe sema tu, mimi naandika. Jina la mwenye ng'ombe?”

Mzee akautazama mlango. Alipozungumza, hata mwenyewe alijisikia kwa shida.

“Marehemu Mayunga. Wanawe wapo Ipililo.”

Vidole vya Goodness vikasimama juu ya kompyuta. “Kwani wewe si Bujiku?”

“Ndiye mimi. Sasa tengeneza kisanduku kingine, mjukuu wangu, cha aliyemwiba. Humo ndimo uniandike.”