Mpiga Taa wa Barabara ya Shule

Gari la tatu alilolipigia taa asubuhi ile lilikuwa la askari.

Lilikuwa gari dogo la kijivu, halina alama yoyote, na fundi wa makochi hakuwa na namna ya kujua. Alikuwa akipita mbele ya shule ya msingi na pikapu yake, kwa mwendo ambao hata wenye baiskeli huuonea huruma. Alipoliona linakuja mbio alipiga taa mara mbili, kama dereva yeyote anavyomwonya mwenzake kwamba mbele kuna trafiki na kamera ya kupimia mwendo. Gari likapunguza. Kisha likageuza, likamfuata, na mama mmoja mwenye sare akashuka, akamwomba kwa adabu zote waongozane hadi kituoni.

Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, kofia mapajani. Faini angelipa, hata kulala ndani angelala. Kilichomkausha mate ni jambo moja tu: huko ndani ataulizwa kwa nini.

Benchi lilijaa watu waliokamatwa kwa mwendo kasi, na hakuna hata mmoja aliyejiona mkosaji. Muuza vigae alililaumu gari lake jipya, kwamba halina kelele, mtu hajui limefika mia saa ngapi. Mwalimu wa kwaya aliwalaumu askari kwa kujificha vichakani, maana mtu mwenye haki hajifichi. Wakakubaliana kwamba kukimbia si kosa, kosa ni kukamatwa, na wakacheka kama watu waliokutana harusini.

Muuza vigae ndiye aliyemtambua. Alimtazama, akachungulia dirishani, akaiona pikapu yenye taa moja mpya inayong'aa na moja iliyofifia. Gari la namna hiyo likipiga taa huonekana kama linakonyeza, na barabara nzima ililijua.

"Mzee wa taa!" akasema, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Jamani, huyu ndiye anayetuokoa pale shuleni."

Basi ikawa sherehe. Kila mmoja alikuwa na habari yake. Huyu alisema askari wa pale hujibanza nyuma ya tangi la maji, yule akaapa kwamba hukaa ndani ya kibanda cha muuza maziwa. Wote walimshukuru fundi kwamba kila siku ya shule, watoto wakiingia na watoto wakitoka, yupo pale, anakwenda na kurudi, anawaonya. Mwalimu wa kwaya akapendekeza wamchangie faini yake.

"Za mwizi arobaini," muuza vigae akamtania, "lakini wewe si mwizi, fundi. Wewe umeponya watu wengi."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliwaomba wasimchangie chochote, na walipozidi kumsifu kwa unyenyekevu wake akainamisha kichwa, akawa anahesabu vigae vya sakafu. Hakuna tusi lililowahi kumuumiza kama shukrani za watu wale.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mwanzoni mkewe alimtania kwamba amepata mchumba miongoni mwa walimu. Baadaye akaanza kunung'unika kwamba makochi ya watu yanangoja vitambaa na yeye anachoma mafuta barabarani. Siku hizi hatanii wala hanung'uniki. Humwangalia tu anavyokisukuma chakula pembeni, akamuuliza, "Baba, una nini?" Mara ya mwisho fundi alifungua mdomo kabisa, ulimi ukagoma. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi huu ulikuwa haujatiwa kata.

Akaitwa ndani.

Yule askari hakuwa mkali. Alimpa kiti, akamweleza kwamba kuwaonya madereva ni kuingilia kazi ya polisi. Fundi akajibu kwamba anajua.

"Na mimi mwenyewe nilikanyaga breki," askari akasema, akitabasamu kidogo kwa haya. "Nilikuwa nimechelewa kazini, nikadhani wenzangu wapo. Umefanya hivi mara ngapi, mzee wangu?"

"Kila siku ya shule, afande."

Askari akavuta daftari kubwa la zamu ili aandike ni kikosi gani kilichoharibiwa kazi. Akatafuta ya leo. Akafunua ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, akaendelea kurudi nyuma, na kidole chake kikawa kinashuka polepole zaidi kila ukurasa. Mwisho kikasimama. Akavua miwani.

"Pale hatuna askari wala kamera," akasema. "Tuliiondoa karibu miaka miwili sasa, wazazi walipolalamika kwamba haikusaidia kitu. Ni tangu yule mtoto wa darasa la pili alipogongwa akafa mbele ya geti, hatua chache tu baada ya kamera, na aliyemgonga akakimbia." Akalifunga daftari. "Sasa wewe, mzee, siku zote hizi unawaonya watu wasikamatwe na nani?"

Korido ilikuwa inacheka tena. Fundi aliweka kofia juu ya meza, na kando yake akaweka ufunguo wa pikapu.

"Siku ile na mimi nilipigiwa taa, afande," akasema. "Nikapunguza mwendo, nikaipita kamera yenu, nikaongeza."