Nusu Mita

Afisa wa pili alikuwa akifunga kitabu cha majira ya maji kujaa na kupwa alipouona mwaka kwenye jalada. Hesabu yote ya kuondoka aliitoa katika kitabu cha mwaka jana.

Kidole chake kilibaki juu ya tarakimu zile kama kimegandishwa. Alifungua kitabu kipya, akapiga hesabu polepole, akairudia. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi, lilikwisha kupita juzi, na maji yalikuwa yakipungua kila siku. Penye fungu la mchanga, pale mto unapoingia baharini, meli ingepungukiwa nusu mita ya maji.

Wakitoka watakwama. Wakibaki watangoja bamvua lijalo humu mtoni, siku kumi na mbili. Likizo yake inaanza wakifika nyumbani, na binti yake anaolewa Jumamosi.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa binti mwenyewe.

"Baba, safari hii sitaki kusikia habari za meli! Shangazi anasema usipofika atanikodishia baba mwingine."

"Mwambie shangazi yako akome," alijibu, akijaribu kucheka. "Nitakupigia, mama."

Nje, mabaharia walikwisha kufungua kamba za mbele. Gati lilianza kuachana na ubavu wa meli, upana wa kiganja, kisha upana wa mlango.

"Bwana hesabu," nahodha aliita bila kugeuka, mkono wake ukiwa juu ya wenzo wa injini, "maji yanatosha?"

Afisa alikifunga kitabu kipya.

"Nahodha," alisema, "waambie warudishe kamba."