Paja la Kuku

Mama, fundi wa cherehani, alikuwa ameshafikisha vidole kwenye paja la kuku wa kukaanga pale binti yake alipoivuta sahani.

"Mama, sukari!"

"Sukari ni yangu. Rudisha sahani."

Miezi minane, tangu aambiwe ana kisukari, Mama alikuwa amelishwa kabichi ya kuchemsha, akiwatazama wenzake wakila.

Akachukua kipimo cha sukari, akajitoboa kidole. Kidole kilichozoea sindano hata hakikushtuka. Sita nukta moja: kiwango kizuri.

Akajaza mboga za majani nusu ya sahani, akaweka paja moja na vipande vinne vya viazi. Wali akausukuma kando. Ngozi ya kuku ikavunjika kwa mlio mdogo katikati ya meno yake, mafuta yakamtiririka hadi kiganjani. Akayalamba taratibu, macho kwa binti.

Alipomaliza akavaa viatu, akazunguka mtaa mara mbili. Saa mbili baada ya kula akajipima tena.

"Saba nukta nane," binti akasoma, kisha akarudia kusoma. Haikuwa imevuka kikomo. Sauti ikamfifia. "Mama, mimi nilikuwa naogopa tu."

"Najua, mwanangu. Kesho utanikaangia samaki."