Kamba za Fundi Viatu

Kwa mara ya nne tangu waanze kuzunguka ukingo wa korongo, fundi viatu alipiga goti katikati ya njia na kusema kamba ya kiatu chake imelegea tena.

Mkewe alisimama nyuma yake, akihema, mkono mmoja kwenye goti lake bovu. Chini kabisa, mto ulionekana mwembamba kama uzi.

"Kamba gani hizo? Fundi mzima, unanitia aibu."

"Za siku hizi hazina maana," alijibu mumewe bila kuinua uso. "Nivumilie kidogo, mama watoto."

Asubuhi, wakati anajifunga bandeji gotini, mke alikuwa amemwonya: "Ukinihurumia hata mara moja, nageuza narudi nyumbani." Mumewe aliitikia kwa unyenyekevu uliopaswa kumtia shaka.

Sasa mke aliinama kuitazama ile kamba. Fundo lilikuwa limekaza, limefungwa mara mbili, ncha zimechomekwa ndani, vilevile mumewe alivyowafungia watoto wao siku ya kwanza ya shule. Vidole vyake vyenye madoa ya rangi ya viatu vilikuwa vikihangaika kulifungua, ili apate la kufunga.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hajawahi kuona fundo la mwanamume huyu likilegea lenyewe.

Mbele yao njia ilipanda tena. Aliitazama, kisha akakaa kwenye jiwe na kunyoosha mguu.

"Ukimaliza hicho," alisema, "funga na cha kushoto. Nacho nakiona kimelegea."