Sura ya Mwisho ya Faki

Tabia aliandika kitabu cha maelekezo ya kufunga pampu ya maji. Faki, wa meza ya pili ofisini, aliandika cha kuitengeneza ikiharibika. Penye ugumu Tabia alimwelekeza fundi kwa mwenzake: tazama kitabu cha pili, sura ya mwisho. Faki alizikwa Ijumaa, sura hiyo hakuwahi kuiandika. Sasa kompyuta iliitafuta, ikaikosa, ikaweka alama za kuuliza kila mahali Tabia alipoitaja.

"Vifute tu hivyo vielekezo vya kwenda kwa Faki, mwanangu," alisema Bi Salha, mkuu wao. "Hakuna tena pa kumpeleka mtu."

Tabia akaitikia kwa kichwa. Kisha akafungua kitabu cha Faki, akaongeza ukurasa, akaandika jina la sura peke yake. Alama za kuuliza zikatoweka moja moja, mahali pake pakaja maneno: tazama ukurasa wa themanini. Akakifuata kielekezo mpaka huko. Chini ya jina la sura ukurasa ulikuwa mweupe, kijistari cha kuandikia kikiwaka na kuzima pale ambapo Faki angeanzia.