Mkono wa Kikapu

Haya alinisimulia binti yangu Zuhura, muuguzi, juzi tukichambua mchele.

Mama Hidaya, msuka vikapu, alikuwa atolewe kizazi. Dada yake alitolewa, na baadaye njia ya uzazi ikamshuka, hata kukaa ni taabu. Basi yeye akamngoja daktari kitandani na kikapu kisicho na mkono, mkono wenyewe na sindano vikiwa kando. Daktari alipofika, akamuuliza:

"Kizazi kikitoka, baba, kinachobaki kitashikwa na nini?"

"Nitakishonea kwenye kano zilezile zilizobeba kizazi."

"Nishonee mkono huu, nione."

Daktari akashona ukingoni. Mama akavuta, ukang'oka.

Daktari akacheka. "Kano za kikapu ni zipi?"

"Mbavu hizo, vijiti vinavyosimama kutoka chini."

Akashona upya mbavuni. Mama Hidaya akakijaza chupa za maji za wodi nzima, akakitundika msumarini. Mkono ukashika.

"Haya, twende."

Kwenye chumba cha upasuaji akadungwa dawa ya usingizi, akalala, huku kule wodini kikapu kikining'inia na maji yote.