Kijiti cha Meno

Nilikuwa nafumua kola ya shati la mume wangu niigeuze, upande uliochakaa uende ndani, kitu kikanichoma kidole kutoka mfukoni.

Kijiti cha kuchokolea meno. Kimeshatumika, na kwenye ncha kimeganda kiuzi cha nyama.

Nyama!

Tangu aachishwe kazi kiwandani, humu ndani ni uji asubuhi na uji jioni. Vipande vya sabuni nimevikandamiza pamoja mpaka vikawa kipande kimoja. Maji ya kufulia ndiyo ninayodekia. Sketi yangu nimeikata, sasa ni kaptura ya mwanangu. Na kila jioni bwana mkubwa husimama mlangoni kunihutubia: "Tujibane, mama watoto. Mbona mafuta yanaisha upesi hivi?"

Haya, uji nao hunasa kwenye jino gani?

"Mama, umebaki kidogo?" binti yangu aliuliza huku akikomba kikombe kwa kidole.

"Subiri baba yako aje."

Alikuja. Akanawa, akaketi, akashusha pumzi kama aliyeshinda akibeba magunia. "Huko nje hali ni mbaya, mama watoto. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

"Pole, mume wangu. Leo nimekuwekea chako peke yako."

Nilimsogezea sahani, nimeifunika vizuri kwa bakuli.

Alipoinua bakuli, watoto wote walinyoosha shingo kuona baba amepewa nini: kile kijiti chake, na kiuzi cha nyama kwenye ncha.